Wasomaji Wauliza: Kwa Nini Wachimbe Wao Kwanza Ndipo Tujenge?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni uchimbaji wa kiakiolojia, yaani wa kutafuta mabaki ya watu wa kale, unaofanywa kwenye viwanja na mashamba yaliyotengwa kwa ajili ya ujenzi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu aliyeiandika ameuliza waziwazi swali ambalo wengi hulinong'ona tu pembeni mwa kiwanja.

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, salaam. Mimi ni mhandisi, nasimamia ujenzi wa maghala ya nafaka mkoani Singida, kwenye eneo la ekari 12. Ripoti ya tathmini ya mazingira imeagiza wanaakiolojia wachimbe mashimo ya majaribio kabla hatujaanza kusafisha eneo, kwa kuwa juu ya ardhi vimeonekana vipande vya mawe vinavyosemekana kuwa zana za watu wa kale. Mkandarasi amekwisha kuleta mitambo, mvua zinakaribia, na wakulima wanayangoja maghala hayo. Kwa heshima zote naomba unieleze: mawe hayo yana faida gani hata kazi ya watu walio hai isimame kuyapisha? — *Mhandisi, Singida*

JIBU: Ndugu Mhandisi, nakushukuru kwa kuuliza bila kuficha. Najua gharama ya katapila linalolala kiwanjani bila kazi, na najua mvua haimngoji mtu. Kwa hiyo sitaanza kwa kukusomea vifungu vya sheria. Nitaanza na mradi mwingine wa ujenzi, uliokusudiwa humu humu nchini, ambao nao ulitakiwa kutanguliwa na mashimo.

Laetoli ipo ndani ya eneo la hifadhi la Ngorongoro, kusini mwa Oldupai. Hapo ndipo timu ya mtafiti Mary Leakey, kuanzia mwaka 1978, ilipofukua nyayo za viumbe watatu wa jamii ya binadamu waliotembea kwa miguu miwili juu ya jivu la volkano lililokuwa limelowa, jivu ambalo baadaye liligeuka kuwa mwamba na kuzihifadhi nyayo hizo kwa miaka milioni 3.66. Miongo kadhaa baadaye likaja wazo zuri la kujenga makumbusho papo hapo Laetoli. Wewe unajua kuliko mimi kwamba makumbusho si ukumbi wa maonyesho peke yake: yana msingi, yana barabara ya kuingilia, maegesho, choo na tangi la maji, na kila kimoja kati ya hivyo kinaingia ardhini. Basi kabla ya ujenzi kuanza, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Profesa Fidelis Masao, waliifanyia tathmini sehemu iliyopendekezwa. Waligawa eneo kwa miraba, wakachimba mashimo 62, kila moja likiwa na meta mbili kwa mbili, wakashuka taratibu hadi kwenye tabaka la jivu lenye nyayo.

Mashimo matatu kati ya hayo 62 yalikuwa na nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu. Zilikuwa 14 kwa jumla, 13 za mmoja na 1 ya mwingine, nao walikuwa wakielekea upande ule ule walioelekea wale watatu wa mwaka 1978, juu ya jivu lile lile, umbali wa meta 150 hivi kutoka kwao. Wataalamu walipopima urefu wa nyayo na wa hatua, walikadiria kwamba yule mwenye nyayo 13 alikuwa na kimo cha sentimeta 165 hivi, kimo ambacho hakuna aliyekitarajia kwa kiumbe wa zama hizo. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2016 na kusomwa dunia nzima, na hadi leo wanazuoni wanaendelea kujadiliana juu ya tofauti ya maumbile kati ya viumbe hao.

Sasa fikiria, Ndugu Mhandisi, kama mashimo yale yasingechimbwa. Jengo lililokusudiwa kuzienzi nyayo za Laetoli lingeweza kusimikwa juu ya nyayo nyingine za Laetoli, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angejua. Mimi nikifika hapo huwa siwezi kuendelea haraka. Hadi leo jambo hilo linanigusa kila ninapolisimulia darasani.

Turudi kwenye ekari zako 12. Watakaokuja hawatachimba eneo lote. Kwanza watatembea kwa mistari iliyopangwa, mtu na mwenzake wakiachiana hatua kadhaa, macho yakiwa chini, na kila kipande kinachoonekana kitawekewa kibendera na kupimwa mahali kilipo. Baadaye watachimba mashimo machache ya majaribio, hasa pale vibendera vilipokaribiana na pale utakapopita msingi wako. Ikiwa mashimo hayana kitu, wataandika hivyo katika ripoti, watayafukia na kukuachia uwanja. Hilo hutokea mara nyingi, na mimi nimewahi kukaa siku tisa kwenye shamba moja tukapata kigae kimoja tu cha chungu, tena cha juzijuzi.

Ikiwa mashimo yana kitu, kuna njia zaidi ya moja. Iliyo rahisi kuliko zote ni kusogeza jengo: ghala likihamishiwa meta 30 upande wa pili wa kiwanja, mabaki yanabaki salama chini ya ardhi na ratiba yako haiguswi sana. Njia ya pili ni kufukua kwa ukamilifu sehemu ile tu itakayoharibiwa na msingi. Njia ya tatu ni kufunika, yaani kuyalinda mabaki kwa tabaka la udongo au mchanga na kujenga kitu chepesi juu yake, kama vile uwanja wa kuegesha magari. Kufunika nako kuna ufundi wake. Nyayo za awali za Laetoli zilifukiwa mara baada ya kuchunguzwa, lakini udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga, miti ikaota, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo zenyewe. Katika miaka ya 1990 ilibidi Idara ya Mambo ya Kale, kwa kushirikiana na Taasisi ya Getty ya Marekani, iondoe miti hiyo, izifukue nyayo, izitibu na kuzifukia upya kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi na mawe juu yake.

Umeuliza mawe hayo yana faida gani. Nitakupa mfano wa jirani yako. Pale Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, si mbali na mkoa wako, kuna kimbilio chini ya mwamba ambamo watu waliishi kwa makumi ya maelfu ya miaka. Kati ya zana zilizofukuliwa humo vimo vipande vidogo vya kioo cheusi cha volkano, ambacho wataalamu hukiita obsidiani. Kila mlima wenye kioo hicho una mchanganyiko wake wa kemikali, mithili ya alama ya kidole, na vipimo vilionyesha kwamba vipande vya Mumba vilitoka Naivasha, nchini Kenya, umbali wa kilometa 300 hivi. Kwa hiyo kipande kisichozidi ukucha kimetuambia kwamba watu wa zama hizo, wasio na punda wala gurudumu, walikuwa na njia na mahusiano yaliyovuka nyika yote hiyo. Hakuna maandishi ya wakati huo yatakayotueleza habari hizo. Tuna mawe hayo, na mahali yalipolala.

Hayo maneno ya mwisho, *mahali yalipolala*, ndiyo sababu ya sisi kukazania kuchimba kabla ya mtambo kupita. Mwaka 1921 wachimbaji wa madini ya risasi na zinki pale Broken Hill, leo Kabwe nchini Zambia, walitoa fuvu la kale ambalo karibu lilikuwa kamili. Fuvu likapelekwa London. Kilima chenyewe kiliendelea kuchimbwa hadi kikaisha, pamoja na matabaka yote ya udongo yaliyokuwa yamelizunguka fuvu hilo. Basi kwa karibu miaka mia moja wataalamu walibaki kubishana juu ya umri wake, wengine wakisema linaweza kufikia miaka 500,000, hadi mwaka 2020 ulipochapishwa utafiti uliopima mfupa wenyewe na mabaki machache yaliyosalia, ukatoa umri wa miaka 299,000 hivi. Fuvu walikuwa nalo mkononi siku zote. Kilichopotea ni udongo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa kwenye mradi mmoja wa barabara, miaka mingi iliyopita, siku mbili baada ya greda kupita. Rundo la kifusi lilikuwa limejaa vigae vya vyungu vyenye nakshi za mistari ya kuchorwa kwa ukucha, mifupa ya ng'ombe, zana za mawe na vipande vya tope lililoungua, vyote vikiwa vimechanganyika. Nilichukua vigae viwili, kimoja nimekitoa chini ya rundo na kingine juu, vikaungana kama vilivyovunjika jana. Nilijua nimeshika chungu cha mtu, lakini kama chungu hicho kilikuwa jikoni, kaburini au jalalani, na kama mwenye chungu ndiye mwenye zile zana za mawe au aliishi miaka elfu moja baada yake, hayo nisingeweza kuyajua tena. Dereva wa greda alikuwa mtu mwema. Alisikitika kweli, na hakuwa na kosa lolote, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana wanaokuja kwako wataonekana kama watu wasio na haraka. Watapiga kamba kwenye mraba wa meta moja, watashusha udongo kwa mwiko kama huu wa mafundi waashi, sentimeta tano au kumi kwa mara moja, na kila ndoo itapita kwenye chekecheke. Mchimbaji akiona udongo umebadilika rangi, kwa mfano duara jeusi la upana wa kiganja katikati ya udongo mwekundu, atasimama na kuita wenzake, kwa sababu duara hilo laweza kuwa shimo la nguzo ya nyumba iliyooza zamani sana. Mkaa ukipatikana hautaguswa kwa mkono mtupu bali utafungwa kwenye karatasi ya alumini, ili maabara ipime kaboni 14 iliyobaki ndani yake na kukadiria umri wake. Kipimo hicho hufaa kwa mabaki ya hadi miaka 50,000 hivi. Katapila lingefanya kazi ya siku nzima ya watu hao kwa mkupuo mmoja, nalo lingemaliza kila kitu kwa mkupuo huo huo.

Kuhusu gharama na muda, hapa nitasema kwa msimamo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mradi agharimie mwenyewe tathmini ya athari, na naamini hiyo ni haki, kwa kuwa yeye ndiye anayeigeuza ardhi. Lakini ucheleweshaji unaokuumiza hautokani na mashimo yenyewe. Unatokana na kuyaita mashimo baada ya mitambo kufika. Bomba la mafuta la kutoka Chad hadi pwani ya Kamerun lina urefu wa kilometa 1,070, na kati ya mwaka 1999 na 2004 wanaakiolojia walifanya kazi kandokando ya njia yake, wakaorodhesha maeneo ya kale zaidi ya 400, mengi yakiwa hayajawahi kujulikana na mtu yeyote. Bomba lilikamilika. Iliwezekana kwa sababu kazi yao iliwekwa ndani ya mpango wa mradi. Kwa mradi wako wa sasa, nakushauri uwaombe waanze na sehemu ya msingi wa ghala la kwanza, ili ukikabidhiwa hiyo uendelee wakati wao wapo ghala la pili. Kwa mradi wako ujao, waite siku ile ile unayomwita mpima ardhi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Hapa kwetu wamekuja watu wa chuo kikuu na vijana wa kijiji wamepewa kibarua cha kuchekecha udongo. Wazee wanasema hao wanatafuta rupia na dhahabu zilizofichwa na Wajerumani, na kwamba habari za watu wa kale ni kisingizio tu. Kuna ukweli wowote? — *Kijana msomaji, Tabora*

JIBU: Marahaba mwanangu. Wazee wako hawakuanzia hewani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 huko huko kwenu Tabora, zikiwa na picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka machimbo ya Sekenke. Muda mfupi baadaye wakaondoka mjini wakiwa mbioni. Habari kama hiyo lazima iache uvumi, nao umeishi miaka zaidi ya mia.

Lakini angalia kazi inavyofanywa, utapata jibu mwenyewe. Atafutaye mali huchimba usiku, hushuka moja kwa moja na huondoka bila kuandika kitu. Hao waliokuja kwenu wamepitia serikali ya kijiji, wana leseni ya Idara ya Mambo ya Kale, wanachimba mchana mbele ya watoto, na wanatumia saa nzima kuchora ukuta wa shimo kwenye karatasi ya miraba. Kila wanachokitoa kinapewa namba. Nenda kawaombe wakuonyeshe daftari lao. Mtafiti mwema hatakunyima, na wengi wao watafurahi.

Ninalokuomba ni kubwa kidogo. Uvumi huo wa mali za Wajerumani umekwisha kutuletea hasara ya kweli. Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, kuna sehemu ambazo watu wamechimba chini ya michoro yenyewe wakidhani kuwa picha za wanyama na watu ni ramani ya hazina. Wakachota udongo wenye masalia ya maelfu ya miaka, wakautupa mteremkoni, wasipate hata senti. Mingi ya michoro ile ilikuwapo kabla Mjerumani wa kwanza hajakanyaga nchi hii. Ukisikia vijana wa rika lako wanapanga safari ya namna hiyo, waambie hivyo.

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kilifi. Karibu na kijiji chetu kuna vilima vya mawe ya chokaa vyenye mapango, na tunasikia kwamba huenda pakafunguliwa timbo la kuchimba mawe. Tunaambiwa watafiti watakuja kwanza kuchunguza mapango. Sisi hatuna ugomvi na elimu, ila tunauliza: wakikuta mifupa ya watu, wana haki gani ya kuiondoa? Marehemu ni marehemu hata akiwa wa kale. — *Mama msomaji, Kilifi*

JIBU: Mama, nimeisoma barua yako mara tatu. Nakubaliana na sentensi yako ya mwisho, na ningependa kila mwanafunzi wangu aisome kabla hajashika mwiko.

Kaunti yako ndiyo yenye pango la Panga ya Saidi, na huenda ulikwisha kusikia habari za mtoto aliyepatikana humo. Wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo sisi wa Tanzania tungeyaita makumbusho, walianza kuchimba humo na wenzao wa nje mwaka 2010. Kiasi cha meta tatu chini ya sakafu ya pango waliona shimo dogo la mviringo lililojaa udongo tofauti, na ndani yake mifupa iliyochakaa kiasi kwamba ikiguswa inageuka unga. Hawakuing'oa. Mwaka 2017 walilizungushia plasta donge zima la udongo, kama mtu anavyofungwa bandeji ya mfupa uliovunjika, wakalibeba hadi Nairobi, na baadaye likapelekwa kwenye maabara ya Burgos nchini Hispania, ambako lilifunguliwa pole pole.

Ndani yake alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mifupa ya mabega ilivyobanwa ilionyesha kwamba huenda alikuwa amefungwa kwa sanda ya majani au ngozi, na jinsi kichwa kilivyoinama ilionyesha kwamba huenda kiliwekewa mto ambao ulioza. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita, na ndilo kaburi la kale kuliko yote ya watu wa aina yetu yaliyokwisha kupatikana Afrika. Watafiti walimpa jina la Kiswahili, Mtoto. Ninapofikiri juu ya mikono iliyomkunja magoti na kumwekea kile cha kulalia kichwa, sioni tofauti kati ya watu hao na sisi tunapozika watoto wetu.

Umeuliza juu ya haki, na jibu langu lina pande mbili ambazo siwezi kuzilinganisha vizuri. Pale ambapo hakuna ujenzi wala timbo, mimi ni katika wale wanaosema mifupa iachwe ilipo, isipokuwa kuna sababu nzito na ridhaa ya wenyeji. Lakini baruti ikija, kuacha si heshima tena. Mifupa itasagwa pamoja na chokaa na kuwa saruji. Hapo kuifukua kwa mkono, kuiandika na kuihifadhi, au kuizika upya mahali wazee watakapokubali, ndiyo heshima iliyobaki.

Kwa hiyo msingoje watafiti wafike. Timbo la namna hiyo linatakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira chini ya sheria yenu ya mazingira ya mwaka 1999, na wenyeji wana nafasi ya kutoa maoni. Wazee wa kaya, yaani wa misitu yenu mitakatifu, na wazee wa mtaa waende kwa chifu na kwa ofisi ya makavazi iliyo karibu, wakiwa na orodha ya mapango yenu: lipi lina makaburi, lipi ni la matambiko, lipi watu walijificha wakati wa vita. Mtafiti mgeni hawezi kuyajua hayo kwa kutazama mawe. Pango lililoandikwa kwenye ripoti mapema lina nafasi ya kuachwa nje ya mpaka wa timbo, na hilo kwangu ndilo bora kuliko uchimbaji wowote.

SWALI: Ndugu mwandishi, nilikuwa nachimba karo la choo kwenye kiwanja changu nje ya mji wa Iringa. Kwenye kina cha kiuno nimekuta mawe kumi na moja yenye umbo la jani au la tone la maji, makubwa kama kiganja. Jirani anasema ni zana za watu wa kale kama zile za bonde la Isimila, mke wangu anasema ni mawe tu. Naogopa kutoa taarifa, maana naweza kunyang'anywa kiwanja. Nifanye nini? — *Msomaji, Iringa*

JIBU: Ndugu yangu, kwanza simamisha uchimbaji wa karo hilo kwa leo, halafu tulitazame jiwe moja pamoja.

Lisogeze juani, ligeuze kwa upande. Jiwe lililovunjwa na maji au jua huwa na mapasuko ya ovyo ovyo. Jiwe lililochongwa na mtu lina mabonde madogo yaliyopangika kandokando ya ukingo, kila bonde likiwa mahali ambapo kibanzi kilibanduliwa kwa pigo moja, na mara nyingi utaona mabonde hayo pande zote mbili, yakikutana kwenye ukingo unaopindapinda kidogo kama msumeno uliochakaa. Vibanzi vyenyewe navyo huwa na uvimbe mdogo karibu na pale pigo lilipotua. Pitisha kidole gumba utausikia. Ukikuta mawe kadhaa ya namna moja, yenye mabonde pande zote mbili, ncha upande mmoja na kitako kinene upande wa pili, jirani yako ana haki ya kuzungumzia Isimila. Bonde lile liko kilometa 20 hivi kutoka mjini kwenu, na mashoka ya mkono yaliyofukuliwa humo mwaka 1957 na 1958 ni ya watu walioishi miaka zaidi ya laki mbili iliyopita. Hawakuwa na sababu ya kuishia kwenye mpaka wa eneo lenye kibao.

Kuhusu hofu yako, nitasema ninavyojua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, inamtaka aliyevigundua atoe taarifa bila kukawia, na inakataza kuvichimba au kuviuza bila kibali. Serikali ina uwezo wa kulitangaza eneo kuwa la kumbukumbu, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba hakuna lolote litakalobadilika. Lakini kwa uzoefu wangu, viwanja vingi vya watu binafsi vilivyopatikana na zana chache vilipimwa, vikaandikwa, shimo dogo likachimbwa kando, na mwenye nyumba akaendelea na ujenzi wake, wakati mwingine kwa kusogeza choo hatua chache tu. Anayejiweka pabaya ni yule anayeficha na baadaye akakutwa anauza.

Basi fanya hivi. Piga picha ya mawe yakiwa na kitu cha kupimia kando yake, hata kalamu, na picha nyingine ya ukuta wa karo ikionyesha rangi za udongo kuanzia juu hadi chini. Pima kwa futi kamba kina ulichoyakuta na uandike. Kama kuna jiwe bado limekaa ukutani, liache, usilivute. Yale kumi na moja usiyaoshe wala kuyasugua, yafunge kila moja kwenye mfuko wake pamoja na kikaratasi cha tarehe na kina, uyaweke pasipo watoto. Funika karo kwa mabati ili mvua isibomoe kuta zake. Kesho asubuhi nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, akupeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya, ukiwa na picha zako mkononi. Na mama nyumbani mwonyeshe ule ukingo juani, pande zote mbili, kabla hujafunga mfuko wa mwisho.